HAJA YA NAHAU KWA ASIYEZALIWA NA KIARABU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mola aliyemfundisha mwanadamu kunena, akazifanya lugha zetu na rangi zetu mbali mbali kuwa ni katika dalili za uwezo wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa fasaha kuliko wote waliotamka Kiarabu, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, mara nyingi katika baraza zetu, watu wakishatoka sala ya Isha, huzuka maneno juu ya ilimu ya nahau. Mmoja husema: nahau inapoteza umri wa vijana, mtoto anakaa na Ajurumiya miaka mitatu, akitoka hajui hata kuomba maji kwa Kiarabu, na huku baharia asiyejua alifu wala be alikuwa akizungumza na Waarabu wa majahazi msimu mzima asikwame. Na mwengine humjibu kwa ukali: asiyejua nahau hana ilimu, wala hana haki ya kufungua kitabu. Nimewasikiliza wote wawili mara nyingi kuliko nilivyopenda, na naona kila mmoja ana sehemu ya haki na ameiacha sehemu ya mwenziwe. Kwa hiyo nimependa niliandike jambo hili, kwani khasara yake inatufikia ndani ya sala zetu na nikaha zetu, wala si maneno ya baraza tu.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mtoto wa miaka minne, hajaingia chuoni, utamsikia akisema “kiti kimevunjika”, “mti umeanguka”, “maji yamemwagika”. Hasemi “kiti amevunjika” wala “maji kimemwagika”. Nani aliyemkalisha kitako akamfundisha haya? Hakuna. Ameyanyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Nawe mzee mwenye mvi, ukiulizwa kwa nini twasema “kitabu hiki” na “vitabu hivi”, ilhali neno lenyewe ni la Kiarabu na ile ki yake ni katika asili ya neno, huna jawabu ila kusema: ndivyo tunavyosema. Jawabu hilo lamtosha mwenye lugha. Lakini mgeni aliyetujia ukubwani, akaishi mtaani miaka thelathini akiuza na kununua, bado twamsikia akisema “kiti yangu” na “mtu kubwa”. Watu wanamfahamu na biashara yake inakwenda. Maneno anayo mengi, na masikio anayo kama sisi. Asichokuwa nacho ni kile ambacho mtoto wa miaka minne amekipata bure. Akitaka kukipata sasa, hana budi aelezwe: hii ndiyo ngeli ya ki, na hii ni ya m, na kila moja ina mwendo wake.

Basi sisi mbele ya Kiarabu ni kama mgeni huyo.

Na Waarabu wenyewe walikuwa hivyo hivyo katika lugha yao. Masahaba hawakusoma nahau, wala hapakuwa na kitabu cha nahau, kwa sababu walikuwa na tabia ya kuzaliwa ambayo wanazuoni huiita salika. Ulipoenea Uislamu, wakaingia Waajemi na watu wa mataifa mengine, wakachanganyika na Waarabu katika miji mipya ya Basra na Kufa, ndimi zikaanza kukosea. Imesimuliwa kuwa Mwarabu wa jangwani alimsikia mtu akisomesha aya ya 3 ya Sura ya At-Tawba, ile ielezayo kuwa Mwenyezi Mungu yu mbali na washirikina, na Mtume wake pia yu mbali nao. Msomaji akalitia kasra neno “rasuluhu”, akalisema “rasulihi”. Kwa kasra ile moja maana ikageuka, ikawa Mungu yu mbali na washirikina na yu mbali na Mtume wake! Yule Mwarabu, kwa kuwa lugha ni yake, alifahamu kama alivyosikia, akatangaza kuwa na yeye basi yu mbali na Mtume. Haikuwa kufuru yake; ilikuwa ulimi wa msomaji.

Kwa khofu ya mambo kama hayo ndipo Abul-Aswad Ad-Du'ali, aliyefariki Basra mwaka 69 wa Hijra, akausimamia msahafu akauwekea nukta za irabu kwa wino wa rangi nyengine: nukta juu ya herufi kwa fat-ha, chini yake kwa kasra, na mbele yake kwa dhamma. Baadaye akaja Khalil bin Ahmad, wa kabila la Azd, kabila ambalo watu wengi wa Omani wanatokana nalo, akazigeuza nukta zile kuwa alama hizi tuzijuazo leo. Na mwanafunzi wa Khalil ndiye Sibawayhi, mwenye kitabu ambacho kila mwanazuoni wa nahau baada yake amechota humo.

Sasa zingatieni, ndugu zangu, Sibawayhi alikuwa nani. Alikuwa Mwajemi, asili yake upande wa Shiraz. Kiarabu hakikuwa lugha ya mababu zake. Imepokewa kuwa alikuwa akisoma Hadithi kwa Hammad bin Salama, likapita jina la Abud-Dardaa baada ya neno “laysa”, nalo limetiwa nasbu, “laysa Abad-Dardaa”. Sibawayhi akadhani mwalimu amekosea, kwa kuwa alijua kuwa isimu ya laysa hutiwa raf'u, akalisahihisha. Mwalimu akamkatalia, akamwambia kuwa laysa hapo ni ya kuvua, maana yake ni “isipokuwa”, na kivuliwacho hutiwa nasbu. Akaapa Sibawayhi kuwa ataitafuta ilimu ambayo hakuna mtu atakayemkosoa ndani yake tena. Akaenda kwa Khalil.

Na mwenye Ajurumiya je? Ibn Ajurrum alizaliwa mwaka 672 wa Hijra, akafariki Fas mwaka 723, naye ni katika Waberberi wa Sanhaja. Kitabu kile kidogo, ambacho mtu aweza kukimaliza kukisoma kabla kahawa haijapoa, kilitungwa na mtu ambaye watu wake nyumbani wana lugha yao mbali. Basi asikudanganye mtu akakwambia kuwa nahau ni jambo la Waarabu na sisi linatupita. Nahau imewekwa kwa ajili ya mgeni, na wageni ndio waliokuwa mbele katika kuiandika.

Tutazame inafanya kazi gani. Katika Kiswahili, nani katenda na nani katendwa twamjua kwa mahali alipokaa katika maneno. Ukisema “Mtoto amemla samaki”, ni chakula cha mchana. Ukisema “Samaki amemla mtoto”, ni msiba, na watu watakimbilia pwani. Maneno ni yale yale, yamebadilishana mahali tu. Kiarabu hakitegemei mahali hivyo. Chaweza kumtanguliza aliyeliwa na kumchelewesha aliyekula, na msikilizaji asipotee, kwa sababu mwisho wa neno una alama: mtenda ana dhamma, mtendwa ana fat-ha. Mswahili akisoma Kiarabu kwa masikio ya Kiswahili, huifuata safu ya maneno, akamfanya mtendwa kuwa mtenda.

Na mfano wake umo katika Sura ya Fatir, aya ya 28, ambayo khatibu hupenda kuitaja akitaka kuwasifu wanazuoni. Hapo jina la Mwenyezi Mungu limetangulia nalo lina fat-ha, na neno “ulamaa” limekuja nyuma nalo lina dhamma. Maana yake ni kuwa wanaomcha Mwenyezi Mungu kwa kweli katika waja wake ni wenye ilimu. Mwenye kusoma akazigeuza irabu mbili hizo amesema kuwa Mungu ndiye awachaye wenye ilimu. Najilinda kwa Mwenyezi Mungu na maneno hayo. Nami nimemsikia khatibu mmoja, mji sitautaja, akiigeuza juu ya mimbari, na msikiti mzima umekaa kimya, wala hapana aliyegutuka. Ukimya ule ulinihuzunisha kuliko kosa lenyewe. Mwarabu wa jangwani alikosea hukumu, lakini alisikia.

Atasema mtu: sisi twasoma msahafu, na msahafu una irabu zake, hatuhitaji kuzijua sababu. Namwambia: katika msahafu umesema kweli kwa upande wa kutamka. Lakini ukifungua Minhaj au kitabu chochote kikubwa cha fikihi, irabu hutaziona. Mbele yako pana kaf na te na be. Ni “kataba”, ameandika? Au ni “kutiba”, kimeandikwa? Au ni “kutub”, vitabu? Kwengine mtu husoma ili afahamu. Hapa hana budi afahamu ili aweze kusoma. Ndiyo maana twamwona mtu amekhitimu Qurani mara kumi, sauti yake nzuri, tajwidi yake haina ila, na mstari mmoja wa fikihi hawezi kuupita. Hakupungukiwa na akili. Hakupewa nahau na sarufi.

Na katika sala yenyewe iko khatari. Katika Al-Fatiha, mwenye kulitia dhamma neno “an'amta”, akalisema “an'amtu”, amegeuza “uliowaneemesha” ikawa “niliowaneemesha”, amejifanya yeye ndiye mtoaji wa neema. Maimamu wetu wa Shafi wamesema: akikusudia, sala yake imebatilika, na asipokusudia, yampasa arudie kusoma kwa usahihi. Herufi hazikuzidi wala hazikupungua. Imebadilika irabu moja, na nguzo ya sala imekwenda.

Tazameni tena udhu, aya ya 6 ya Sura ya Al-Maida. Neno la miguu, “arjulakum”, Nafi na Ibn Amir na Al-Kisai, na Hafs kwa Asim, wamelisoma kwa fat-ha. Na Ibn Kathir na Abu Amr na Hamza, na Shu'ba kwa Asim, wamelisoma kwa kasra. Visomo vyote viwili ni sahihi. Kwa fat-ha, miguu imeungana na uso na mikono, navyo ni vyenye kuoshwa. Kwa kasra, dhahiri yake ni kuungana na kichwa, nacho ni chenye kupakwa. Na wanazuoni wetu wakaeleza kuwa hiyo ni kwa mwenye kuvaa khofu mbili, au kuwa kasra imekuja kwa ujirani wa neno lililo kabla yake, na Hadithi za kuosha miguu ziko wazi. Na katika neno la kichwa pana herufi moja tu, be. Imamu Shafi akaona kupaka sehemu ya kichwa kwatosha ijapokuwa ni nywele chache. Imamu Malik akaona ni kichwa chote. Imamu Abu Hanifa akakadiria robo. Na katika hoja zao maana ya be ile imo. Wewe unayetia maji kichwani kila siku mara tano, mzozo huo uko juu ya utosi wako.

Nami hupenda kuwapa wanafunzi mas-ala ya Imamu Nawawi katika mlango wa talaka wa Minhaj. Mume akimwambia mkewe kwa Kiarabu kuwa ameachwa “in” ameingia nyumba fulani, kwa kasra, hilo ni sharti. Asipoingia hakuna talaka. Akisema “an”, kwa fat-ha, maana yake ni “kwa kuwa umeingia”, na talaka inapita pale pale. Mwanamke yu katika nikaha au hayumo, kwa alama iliyo juu au chini ya alifu moja! Kisha Imamu Nawawi akaongeza neno lake mwenyewe: isipokuwa mume yule awe hajui nahau, hapo kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa yahisabiwa sharti. Sharia imemhurumia asiyejua. Lakini kadhi atakayeyapima maneno yake, nani atamhurumia yeye ikiwa na yeye hajui?

Na sarufi ni nduguye nahau, ingawa sisi watu wa chuoni huipita upesi mno. Mswahili ana akiba kubwa ya Kiarabu asiyoijua kuwa ni akiba. Ana kitabu, katibu, na maktaba. Na kwake ni maneno matatu mbali mbali. Akifundishwa kuwa yote yametoka katika herufi tatu, kaf na te na be, na kwamba kila umbo lina kazi yake, hapo huona ilimu na mwalimu na maalumu na ulamaa vimekaa jamaa moja, na siku moja huvuna alichokuwa hakukijua kwa miaka.

Lakini akiba hii ina mtego. Maneno mengi tumeyachukua, tukayapa maana nyengine. Harusi kwetu ni sherehe. “Arus” kwa Waarabu ni bibi harusi mwenyewe. Hasira kwetu ni ghadhabu. “Hasra” kwao ni majuto. Basi Mswahili akifika aya ya 39 ya Sura ya Maryam, inayotaja siku ya hasra, huifahamu kuwa ni siku ya ghadhabu, na anaona amefahamu vizuri. Nayo ni siku ya majuto, mtu kujiuma vidole kwa yaliyompita. Adui wa mwenye kusoma ni neno analodhani analijua.

Sasa na tumgeukie mwengine, yule asemaye nahau ndiyo kila kitu. Huyu naye simwachi. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, amelieleza jambo hili katika Mukadima yake maelezo ya kutosha: kuijua kanuni ya lugha ni jambo moja, na kuwa na lugha katika ulimi ni jambo jengine; akasema kuwa wako mabingwa wa nahau ambao wakitakiwa kumwandikia ndugu yao mistari miwili hukosea. Mfano wake ni mtu ajuaye kuisifu kazi ya kushona, namna uzi unavyopita kwenye sindano na mshono unavyorudi, nawe ukimpa kitambaa hawezi. Akaona njia ya kuipata lugha ni kuhifadhi maneno mengi ya wenyewe na kuyatumia.

Na maneno haya yanatuhusu sisi walimu kuliko wanafunzi. Twamkabidhi mtoto wa miaka kumi na mbili Ajurumiya, ahifadhi kuwa maneno ni isimu na fi'ili na harfu, na kuwa Zaid kampiga Amr, na mwaka mzima Zaid hachoki kumpiga Amr, na mtoto hajaulizwa hata mara moja kwa Kiarabu: jina lako nani, na umekula nini. Waarabu wamesema nahau katika maneno ni kama chumvi katika chakula. Ni kweli, na chumvi tupu hailiwi. Lakini dawa ya hilo si kuitupa chumvi. Vijana wetu waendao Ghuba kwa kazi hurudi baada ya miaka miwili wakizungumza kwa wepesi, nami nafurahi nao. Ila Kiarabu kile ni cha sokoni, miisho ya maneno imekatwa, dhamma na kasra hazisikiki tena. Mmoja wao alipoambiwa asome ukurasa wa tafsiri, alisoma kila neno kwa sukuni, na maana ikamkimbia. Maneno ameyapata kwa masikio, na hiyo ni nusu kubwa. Iliyobaki haipatikani sokoni, kwa sababu wenye soko wenyewe huifuata madrasani.

Na wako wasemao: tarjuma zipo, ya nini taabu yote hii? Ndugu yangu, tarjuma ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, mfasiri wake alikuwa kasisi wa Kikristo, Godfrey Dale. Ya mwaka 1953 ilitolewa na jamaa wa Ahmadiya. Ndipo ikaja ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwaka 1969, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Kila mfasiri amekupa alichokifahamu yeye. Zikikhitilafiana katika aya moja, utahukumu kwa lipi? Kwa uzuri wa jalada? Masheikh wa pwani hii walioweza kusimama wakasema “hapa pamegeuzwa” walisimama juu ya nahau na lugha. Asiye na kipimo hicho hana ila kumfuata ampendaye. Imamu Shafi (R.A.), naye ni Mkuraishi aliyekwenda kukaa na kabila la Hudhail jangwani ili aichukue lugha kwa wenyewe, ameeleza katika Risala kuwa ni wajibu kwa kila Mwislamu ajifunze katika lugha ya Kiarabu kadiri ya juhudi yake. Kadiri ya juhudi, hakusema kila mtu awe Sibawayhi.

Basi mwenye duka, na mvuvi, na fundi seremala, asiogope. Nusu saa baina ya Magharibi na Isha yatosha. Asianze kwa kuhifadhi. Aanze na sura anazozisoma katika sala, aulize kila neno: wewe ni isimu au fi'ili, na irabu yako hii umepewa na nani? Ajurumiya iwe kando, ifunguliwe pale swali linapozuka. Akishaimaliza hivyo aende Mutammima, kisha Qatrun-Nada ya Ibn Hisham, na mwenye pumzi ataifikia Alfiya ya Ibn Malik. Na kila usiku asiondoke mpaka ametunga kwa ulimi wake jumla tatu za Kiarabu juu ya kazi yake ya siku hiyo, za samaki au za mbao.

Na usiku wa kwanza aanze na Al-Fatiha. Neno “alhamdu” ni mubtada, na dhamma yake ni kwa ajili hiyo. Akifika “iyyaka” atafundishwa kuwa hiki ni chenye kutendwa, na mahali pake pa asili ni nyuma ya fi'ili. Na kutangulizwa kwake ndiko kulikoleta maana ya “Wewe tu, si mwengine”. Wako kati yetu waliolitamka neno hilo miaka hamsini, mara thelathini na nne kila siku, katika sala za faradhi peke yake, na hawajaambiwa kuwa ile “tu” imekaa katika kutangulizwa. Darsa ya kueleza hilo haizidi robo saa, na mlango wa chuo uko wazi tangu adhana ya Magharibi.

Wabillahi ttaufiki.